Passing: kwa nini mume hakuona, na kwa nini shoga yake hakusema

Muvi ya Passing, yani kujipitisha, mtu mweusi aishi kama mzungu, ipo Netflix tokea Novemba 2021 na mpaka leo kila anaeiangalia hapa kwetu Zanzibar anatoka na swali lilelile, jamani huyu mume mzungu kipofu? Mwanamke mweusi anaonekana wazi, pua ipo, mdomo upo, na yeye kalala nae kitanda kimoja miaka yote hiyo anasema mke wangu mzungu. Nshalisikia Michenzani, nshalisikia Wete, nshapigiwa simu usiku na binamu yangu aliyetoka kuimaliza muda huohuo. Wengine wakifika hapo huizima kabisa, wanasema stori haiingii akilini. Inaniuma kwa sababu ni muvi nzuri mno, na sie watu wa visiwani ndo tulipaswa kuielewa haraka kuliko wengine na ndo sie tunaokwama. Kukwama kwetu kuna sababu, na si ujinga, ni kwamba tumelelewa na hesabu nyengine kabisa ya damu. Basi nataka niifumue polepole, damu kwanza alafu urafiki, na nitaisema mpaka mwisho wake, kwa hiyo ambae hajaiona na anataka raha yake aende akaangalie kwanza, ni saa moja na nusu na dakika chache tu.

Stori yenyewe fupi. Ni New York miaka ya 1920, mtaa wa Harlem, ambao wakati huo ndo ulikuwa mji wa watu weusi wenye majina yao, madaktari, waandishi, wapiga muziki. Irene Redfield, kaigiza Tessa Thompson, ni mke wa daktari, ana watoto wawili wa kiume, ana mtumishi, anakaa kwenye kamati za hisani. Siku moja ya joto la kuangusha watu anaingia hoteli kubwa ya wazungu, Drayton, apate chai na feni, na anaingia kwa sababu rangi yake inamruhusu akishusha kofia kidogo usoni. Humo ndani kuna mwanamke anamkazia macho, Irene anaingiwa na baridi anadhani kashajulikana. Kumbe ni Clare, kaigiza Ruth Negga, shoga yake wa utotoni, hawajaonana miaka, nywele kazifanya za dhahabu, kaolewa na mzungu tajiri anaeitwa John Bellew na mume hana habari kama mkewe ni mtu mweusi. Na huyu mume si mzungu wa hivihivi, anawachukia watu weusi na anatamka, tena anatamka mbele ya Irene akidhani kakaa na mzungu mwenzake. Tokea siku ile Clare anaanza kujipenyeza Harlem, kwenye nyumba ya Irene, kwenye madansi, kwa watoto, kwa mume wa Irene. Anataka arudi kwao bila kuachia alichokipata kule. Hapo ndo mambo yanapoharibika.

Asili yake ni riwaya ya mwaka 1929 ya Nella Larsen, mwanamke aliyezaliwa Chicago 1891, mama Mdenmark, baba mtu mweusi wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Denmark. Mama akaolewa tena na mzungu, akazaa mtoto mzungu, na Larsen akakulia ndani ya nyumba ambayo yeye peke yake ndo alikuwa na rangi ile. Alifanya kazi ya uuguzi, akafanya kazi ya maktaba, akaandika riwaya mbili, alafu akanyamaza mpaka kufa kwake 1964. Nnataja haya kwa sababu aliyeandika hakuwa akikisia.

Sasa kuhusu ule upofu. Ili uelewe inabidi uache macho kwanza urudi kwenye karatasi. Marekani, mtu mweusi hakuwa lazima awe mtu mwenye ngozi nyeusi. Alikuwa ni mtu ambae kwenye ukoo wake, popote pale, mama, bibi, bibi wa bibi, yumo mmoja aliyetoka Afrika, basi, hesabu imekwisha hapo, hata kama wote waliobaki ni wazungu watupu. Chimbuko lake ni utumwa. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, mama mtumwa mtoto mtumwa, haulizwi baba. Yani bwana akizaa na mtumwa wake, yule mtoto ni mali yake, anaweza kumrithisha, anaweza kumuuza sokoni mtoto wake wa kumzaa. Peleka hivo vizazi vitano sita, wanaume weupe wanazaa na wanawake wanaozidi kuwa weupe, na kila mtoto anaandikwa upande wa mama. Mwisho unapata watu ambao ukiwatia macho ni wazungu, nywele za singa, macho ya rangi, na kwa karatasi ni weusi.

Hebu sasa tizama kwetu, maana hapa ndo fundo lenyewe. Sultani wetu Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 watoto wake wote waliokuwa hai walikuwa wa masuria. Wote. Mwanawe Barghash, yule aliyejenga Beit al Ajaib, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Na alikaa kwenye kiti, akaitwa Sayyid, akaitwa Mwarabu, na hakuna aliyesimama kusema huyu mtoto wa mtumwa ashuke. Mtoto akifuata baba. Sisemi kama huku kulikuwa na huruma, maana sheria ya 1897 ilipoondoa utumwa Unguja na Pemba masuria waliachwa nje mpaka 1909, na mtoto ambae baba yake ndo mtumwa yeye hakupandishwa na mtu. Utumwa ni utumwa. Lakini mlango ulikuwa umekaa upande mwengine. Huku tone la baba mwenye cheo linakupandisha, kule tone la bibi linakushusha, na linakushusha milele, wewe na wajukuu zako. Barghash angezaliwa Virginia angekuwa anahesabiwa na ng'ombe.

Ndo maana mtu wetu akimuangalia Clare anasema, si anaonekana mchanganyiko tu, kuna nini? Kwetu mchanganyiko ni jibu. Kule halikuwa jibu, ilikuwa ni lazima uwe kimoja.

Kuna kesi moja inaufungua huu mjadala wa upofu vizuri sana. Mwaka 1892 New Orleans mtu anaitwa Homer Plessy alipanda behewa la wazungu kwa makusudi, ili akamatwe, ili sheria ya kutenganisha watu kwenye treni ipelekwe mahakamani. Damu yake kwa hesabu zao sehemu saba kati ya nane ilikuwa ya kizungu. Na unajua ilivokuwa? Ilibidi aseme mwenyewe. Ilipangwa kabisa, kondakta akauliza wewe mtu wa rangi, yeye akajibu ndio, maana angenyamaza treni ingeondoka zake na hakuna ambae angemgusa. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1896 majaji wakasema kutenganisha ni sawa tu, na huo uamuzi ukakaa zaidi ya miaka hamsini. Sasa hebu niambie, kondakta aliyewekwa kwa kazi hiyohiyo ya kutazama abiria hakuweza kujua kwa macho, John Bellew ajue kwa kipi?

Na wakati wa stori hii mambo yalikuwa yanazidi kubana. Mwaka 1924 Virginia ilitoa sheria kwamba mzungu ni yule asiye na tone lolote jengine, isipokuwa walivofungua kitundu kidogo kwa wale wenye damu kidogo ya Kihindi Chekundu. Sensa ya 1920 ilikuwa bado na nafasi ya kuandika mchanganyiko, sensa ya 1930 ikaifuta, makarani wakaamriwa mwenye damu yoyote ya Kiafrika, hata iwe chembe, aandikwe mweusi. Na karani ndo anaeandika, hukuulizwa wewe. Sheria za kukataza ndoa za rangi mbili zilikuja kufutwa nchi nzima mwaka 1967.

Hapo watu makini huniuliza, lakini New York haikuwa na sheria ya kukataza ndoa hizo, sasa Clare anaogopa nini? Swali zuri. Jibu lipo kwenye kesi nyengine ambayo Larsen mwenyewe kaigusa ndani ya riwaya. Mwaka 1924 kijana wa ukoo wa kitajiri wa New York, Leonard Rhinelander, alimuoa msichana wa kazi anaeitwa Alice Jones, baba yake mtu wa mchanganyiko. Magazeti yakagundua, familia ikamsukuma kijana adai ndoa ivunjwe kwa udanganyifu, kwamba alidanganywa rangi. Kesi ikasikilizwa 1925 na mule ndani Alice alipelekwa chumba cha pembeni akavuliwa nguo mpaka kiunoni, akasimama akilia, wanaume wa baraza la mahakama wakamtizama mgongo na kifua na miguu, ili waone kama mume angeweza kutojua. Baraza likaamua mume alijua, Alice akashinda. Kushinda kwenyewe ndo huko. Kila mwanamke wa hali ya Clare aliisoma habari ile kwenye gazeti la asubuhi.

Kwa hiyo mume hakuona kwa sababu hakuwa akitegemea kuona, na kwa sababu kazi ya kuona alikuwa ameshaikabidhi kwa watu wengine. Riwaya inaeleza kama baba wa Clare alipokufa Clare alichukuliwa na mashangazi wa baba yake, mabibi wawili wa kizungu, washika dini kwelikweli, wakamfanya mtumishi wa nyumba na wakamkataza kumwambia mtu yeyote kuhusu damu yake kwa sababu wao wenyewe ilikuwa aibu yao. Basi John hakuposa kwao, waliondoka wakaoana kwa siri, lakini nyuma ya Clare alichokijua ni mabibi wa kizungu. Sie tunauliza huyu wa kwa nani, yeye watu walimhadithia habari za mabibi wale, hakuwepo wa kumwambia Clare ni mweusi, akatosheka.

Alafu kuna ile sehemu ya chumbani hotelini, naomba uirudie uitizame vizuri maana ndo roho ya muvi nzima. John anaingia, anamsalimia mkewe kwa jina la utani ambalo ni tusi la watu weusi limekatwa nusu. Irene anaganda. Clare, kwa utulivu kabisa, anamwambia mumewe hebu mueleze mgeni kwa nini unaniita hivo. Na yeye anacheka anaeleza, ati walipooana mke alikuwa mweupe pe, lakini kila mwaka anazidi kuwa mweusi, nikamwambia angalia, siku moja utaamka umekuwa mmoja wao. Umeona? Kaona! Macho yake yamefanya kazi sawasawa, kitu kimepita mbele yake akakigeuza mzaha kwa sababu akili ilishafunga mlango. Irene anaanza kucheka, kicheko kinamtoka kinakataa kusimama, na Ruth Negga kakaa palepale kwenye kochi uso wake unatabasamu na macho yanamtizama shoga yake, anapima kama atasema au hatosema. Mie sehemu hii kila nikiiona najikuta nimeshika mto.

Kuhusu waigizaji, nimesikia lawama kwamba wangechukuliwa wanawake weupe zaidi ili mtu aamini. Naona muongozaji, Rebecca Hall, kafanya jambo la sawa kabisa. Angechukua mwanamke ambae na sie tungemuona mzungu, tungekaa upande wa John, na sie tungedanganyika. Kachukua wanawake ambao sie tunawajua ni wetu, kwa hiyo muvi nzima tunakaa upande wa Irene, tunajua, tunashika pumzi, tunashangaa wale wazungu hawajui. Wenyewe kwa wenyewe wanajuana. Na kaipiga kwa rangi ya kijivu, nyeusi na nyeupe kama sinema za zamani, na picha kaibana iwe karibu na mraba badala ya upana tuliouzoea. Kamwaga mwanga mwingi mule hotelini mpaka nyuso zinayayuka na ukuta, na Harlem kaitia kiza kidogo, uso uleule wa Clare unakuwa mweupe sehemu moja na mweusi sehemu nyengine bila yeye kubadilika chochote. Mwenyewe Hall kasema kwenye mahojiano kwamba muvi ya nyeusi na nyeupe haina nyeusi wala nyeupe, yote ni kijivu. Piano inayorudi kila mara ni ya mtawa wa Kihabeshi, Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, na Ruth Negga nae kazaliwa Addis Ababa, baba Mhabeshi mama wa Ireland.

Hall nae alilaumiwa mwanzo, mzungu wa Kiingereza anatafuta nini kwenye stori ya watu weusi. Akaeleza. Mama yake, Maria Ewing, mwimbaji mkubwa wa opera, alizaliwa Detroit, na babu mzaa mama alikuwa mtu mweusi aliyeishi kama mzungu. Nyumbani hakukuwa na aliyeyasema kwa uwazi, mtoto akiuliza anapata nusu ya jibu. Alipoisoma riwaya ya Larsen akiwa kijana akajiona humo ndani, akaandika mswada, ukamkaa mikononi zaidi ya miaka kumi mpaka akapata wa kumlipia. Hii ndo muvi yake ya kwanza kuongoza. Huyo babu kwenye familia yao ndo Clare.

Nirudi visiwani, maana kuna wanaosema haya mambo ya kubadilisha rangi ni ya Wamarekani, sie hatuyajui. Tunayajua. Watu wazima wanakumbuka au walihadithiwa na wazee wao. Kwenye sensa za Waingereza za miaka ya 1920 mpaka 1940 watu waliokuwa wakiandikwa Waswahili walipungua mpaka wakakaribia kwisha, hawakufa, waliandikisha majina mengine, Mshirazi, Mwarabu, Mpemba, Mtumbatu. Sababu zilikuwepo. Serikali ya Kiingereza iligawa kila kitu kwa kabila, skuli, kazi, kodi, mpaka wakati wa vita vikuu vya pili chakula cha mgao kilitolewa kwa kabila, Mwarabu na Muhindi mchele, Mwafrika sembe. Mtu akiambiwa wali unaingia nyumbani kwa jina fulani, utamlaumu akilitaja? Na nguo zilisema vilevile. Kaniki ilikuwa ndo alama ya utumwa, na Siti binti Saad, mtoto wa Fumba wa ukoo wa watumwa, alipopanda chati mjini mpaka akaenda kurekodi santuri Bombay 1928 wapo waliomuimbia kijembe kwamba kaja mjini kavaa kaniki. Watu wakaacha kaniki wakavaa kanga, wakavaa buibui, wakasimama na heshima yao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 upepo ukageuka, kuna nyumba nasaba iliyokuwa ikitajwa kwa sauti ikawa inatajwa mlango umefungwa.

Lakini kuna tofauti moja kubwa na mie nadhani ndo inayofanya muvi hii iume kuliko stori zetu. Huku mtu aliyehama kabila alihama na watu wake. Alihama na mama, na mjomba, na majirani wote wanajua na wanakaa kimya kwa stara, anabaki mtaa uleule, msikiti uleule, akifiwa watu wanakuja palepale. Hata ukipanda vipi, posa ikija wazee wa kule wanakwenda kuulizia mpaka kijijini Mkoani huko na wanaambiwa. Hakuna kujificha kwenye visiwa hivi, ila kuna kusitiriana. Clare hakuwa na hilo. Kwake kuhama kulimaanisha akate, asimjue mtu, akimuona shangazi yake barabarani apite. Mtu wao akifa hendi kuzika. Asilie hata nyumbani kwake kwa sababu mume atauliza unamlilia nani. Miaka kumi na mbili Clare hajasikia mtu akimwita kwa jina la utotoni, na ndo maana alipomuona Irene pale hotelini alimng'ang'ania vile. Watu wanasema Clare kafuata raha Harlem, dansi na muziki. Mie namuona mtu mwenye njaa ya jamaa zake.

Sasa Irene. Tumezoea muvi iwe na steringi na adui, na mwanzo tunamuweka Irene steringi, mwanamke mkweli aliyebaki na watu wake, na Clare muongo. Muvi inatuondoa hapo taratibu sana mpaka unashtuka umeshavuka. Kumbuka yeye mwenyewe alikuwa Drayton akinywa chai ya wazungu siku ileile. Nyumbani kwake mumewe Brian anataka kuwaeleza watoto habari za watu weusi wanaonyongwa na makundi ya wazungu, Irene anakataa katakata, hataki neno hilo mezani. Brian anataka wahame nchi waende Amerika ya Kusini, Irene hataki hata kusikia. Mtumishi wao Zulena, mwanamke mweusi tititi, Irene anaongea nae kwa amri, hamtizami usoni, alafu siku Clare alipokuja akaenda kukaa nae nje kwenye ngazi wakacheka pamoja, Irene kasimama dirishani anawatizama uso umemkunjamana. Kwenye dansi la hisani anamwambia Hugh, mwandishi wa kizungu rafiki yake, kwamba sote tunajipitisha kwa kitu fulani. Anasema kama mtu anaetoa mzaha lakini kajisema mwenyewe. Anajipitisha mke mwenye furaha. Anajipitisha mama ambae wanawe hawatodhurika.

Na kuna jengine ambalo kwetu hatulisemi kirahisi, jinsi anavomtizama Clare. Shingo, mgongo, mikono. Kamera inakaa mule muda mrefu kupita kawaida. Anamtamani? Anamuonea wivu? Anatamani awe yeye? Wasomi wa riwaya wamebishana miaka na mie sioni haja ya kuchagua moja, urafiki wa utotoni huweza kubeba yote matatu na mwenyewe asijue kipi ni kipi. Baadae anaanza kushuku kwamba Clare na Brian wana yao. Tizama kwa makini, muvi haikuonyeshi hata mara moja kitu cha kuthibitisha. Sie tunaona anachokiona Irene, na Irene hajalala vizuri, juu ya kitanda chake dari ina ufa na kila tukirudi mule chumbani anautizama.

Alafu inakuja siku ambayo naona ndo yenyewe hasa. Irene anatembea barabarani na rafiki yake Felise, ambae ngozi yake haimdanganyi mtu, wameshikana mikono. Anatokea John Bellew uso kwa uso. Ananyoosha mkono amsalimie Bibi Redfield, macho yanakwenda kwa Felise, yanarudi kwa Irene, na pale ndo anajua. Kama Irene si mzungu, basi na shoga yake wa utotoni... Irene anapita bila kusema neno. Anarudi nyumbani. Simu ipo. Barua zipo. Clare atakuja jioni. Anachotakiwa kusema ni sentensi moja tu, mumeo kanikuta na Felise, jihadhari. Hasemi. Anakaa nae, anatembea nae kwenye theluji kwenda kwenye sherehe, wanapanda ngazi mpaka ghorofa ya sita, njiani anamuuliza Clare kama John angejua ungefanyaje, Clare anamjibu angehamia Harlem kwao moja kwa moja. Bado hasemi. Jibu lile ndo lililomtisha zaidi, maana Clare akifukuzwa na mume anakuja kuwa wake milele, na wa Brian.

Watu hubishana sana kuhusu dirisha. John anaingia kwa kishindo, anamtukana mkewe mbele ya watu, Clare kasimama kwenye dirisha lililo wazi, ametulia kabisa, Irene anakimbilia akamuwekea mkono kiunoni, na Clare hayupo tena, yupo chini kwenye theluji. Kasukumwa na Irene? Na John? Kajirusha? Hall kaupiga ule mkono kwa namna ambayo unaweza kuapa umeona unavuta na mwenzako akaapa ameona unasukuma. Polisi wanaandika ajali. Mie rai yangu ni kwamba tunabishania sekunde moja tunaacha siku nzima iliyotangulia. Kama ni kusukuma, Irene alishasukuma tokea pale barabarani alipoamua kunyamaza. Hilo muvi haikulificha, kila kitu tumekiona mchana kweupe.

Kuna mtu mmoja katika stori hii ambae hatuoneshwi hata kivuli chake na mie ndo ninaemuwaza zaidi. Margery, binti wa Clare, yuko skuli Uswisi. Mimba yake Clare aliibeba miezi tisa yote kwa hofu ya kufa mtu, asije mtoto akatoka na rangi ya babu zake, na baada yake aliapa hazai tena. Mtoto akatoka mweupe, akalelewa mtoto wa mzungu, na anaipenda Uswisi huko. Sasa mama kafa na baba kajua. Kwa maelekezo ya sensa ya 1930 karani akigonga mlango wa Bellew ataandika mzungu kwa baba na mweusi kwa binti, nyumba moja, meza moja. John atamfanya nini, hatuambiwi. Na ukiwatoa wale mabibi wawili waliokuwa wakiona aibu, mtu anaeweza kumkalisha Margery siku akikua akamueleza mama yake alikuwa nani, wa kwa nani, kakulia mtaa gani na akicheka vipi, ni Irene.